Bustani juu ya barabara: ni ya nani?



Katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, nchini Marekani, ipo bustani ya ekari 5.2 ambayo mgeni anaweza kushinda ndani yake mchana kutwa asitambue amekaa juu ya nini. Watoto huchezea maji ya chemchemi, wazee hupumzika chini ya miti, na wafanyakazi wa maofisini huja na chakula chao saa za mchana. Mita chache chini ya nyasi hizo, magari hupita usiku na mchana katika barabara kuu ya Woodall Rodgers, ambayo ilichimbiwa chini ya usawa wa mji na kukamilika mwaka 1983. Bustani hiyo iitwayo Klyde Warren ilifunguliwa Oktoba 2012, na tangu hapo imekuwa mfano unaotembelewa na kuigwa na wakuu wa miji mingine.

Wazo lenyewe ni rahisi kueleza. Barabara imelala katika handaki wazi. Juu ya handaki hilo hujengwa sakafu ya zege. Juu ya sakafu humwagwa udongo na kupandwa miti. Pande mbili za mji zilizotenganishwa huungana tena. Ni kazi ya ustadi, nayo yastahili sifa. Hata hivyo, ndani ya kazi hiyo limo swali ambalo wahandisi peke yao hawawezi kulijibu: ardhi iliyochukuliwa kwa wanyonge ili barabara ipite, ikirudishwa kwa zege na udongo, hurudi kwa nani?

MAHANDAKI YALITOKA WAPI

Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kuanzia kwenye chanzo. Tarehe 29 Juni 1956, Rais Eisenhower wa Marekani alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000, yaani kilometa zipatazo 66,000. Serikali ya shirikisho ilikubali kubeba asilimia 90 ya gharama. Kwa utaratibu huo, jimbo au mji ulioikataa barabara ulionekana kuwa unakataa fedha, na ni viongozi wachache waliokuwa na ujasiri wa kufanya hivyo.

Barabara zilipopita mashambani hazikuleta taabu kubwa. Taabu ilianza zilipoingia mijini, ambako hapakuwa na nafasi ya kupita pasipo kubomoa. Wapangaji walitafuta mahali ambapo ardhi ilikuwa rahisi na ambapo sauti ya wakazi ilikuwa haisikiki katika mabaraza ya miji. Kwa nchi iliyokuwa bado imewabagua watu wake kwa rangi katika makazi, shule na mabenki, mahali hapo palijulikana bila kuulizwa. Mara nyingi palikuwa ni mitaa ya watu weusi, na pengine mitaa ya wahamiaji maskini. Ikatolewa na hoja nyingine, kwamba mitaa hiyo ilikuwa chakavu na kuibomoa ni kuusafisha mji. Serikali ya Marekani yenyewe imekadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja walihamishwa katika miongo miwili ya kwanza ya ujenzi huo.

Mahali pengine barabara iliinuliwa juu ya nguzo. Mahali pengine ilichimbiwa chini. Ile ya chini ilikuwa na nafuu yake, kwa sababu kelele hupungua na mitaa inaweza kuvuka kwa madaraja yaliyo sawa na ardhi. Lakini madaraja huwa machache. Mtaa uliokuwa ukivukwa kwa hatua 20 ukawa hauvukiki ila kwa kuzunguka hadi kwenye daraja. Kanisa likabaki ng'ambo hii na waumini wake ng'ambo ile.

KUFUNIKA HANDAKI

Mji uliotangulia kupata sifa kwa kufunika barabara ya namna hiyo ni Seattle. Barabara kuu namba 5 ilikuwa imeukata mji huo na kuitenga sehemu ya biashara na mtaa wa kilimani wa First Hill. Tarehe 4 Julai 1976, siku Marekani ilipotimiza miaka 200, ikafunguliwa Freeway Park. Ilibuniwa katika ofisi ya Lawrence Halprin, na msanifu aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mwanamke aliyezaliwa Bulgaria, Angela Danadjieva. Walijenga maporomoko ya maji juu ya kuta za zege ili mlio wa maji uumeze mlio wa magari.

Bustani hiyo ilisifiwa sana, lakini baada ya miaka mingi ikaonyesha kasoro. Kuta zake na kona zake zilimficha aliyekaa ndani asionekane na wapita njia, na watu wakaanza kuogopa kupita humo. Somo la Seattle ni kwamba bustani ya umma haina budi ionekane kutoka mtaani, kwa kuwa macho ya wapita njia ndiyo mlinzi wake wa kwanza.

Kuhusu uhandisi, adui mkubwa ni uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa maji hukaribia tani mbili, na mti mkubwa hudai udongo mwingi. Huko Dallas, boriti za zege zilipangwa kwa makundi, zikaachiwa mifereji katikati yake, na ndani ya mifereji hiyo ndimo mizizi ya miti inamoshuka. Mahali palipohitaji kuinuliwa bila kupandwa mti, viliwekwa vipande vya povu gumu la plastiki badala ya udongo. Maji ya mvua yametengenezewa njia ya kutokea yasije yakapenya hadi kwenye nondo. Huko chini, barabara iliyokuwa wazi imegeuka njia ya ndani kwa ndani, nayo huhitaji taa mchana kutwa, mashine za kupuliza hewa, na njia za kuokoa watu moto ukitokea.

Hapa kuna jambo ambalo wasifiaji hulisahau. Moshi wa magari haufi kwa kufunikwa. Hukusanyika chini ya sakafu na kutokea kwenye midomo miwili ya njia hiyo. Kwa hiyo mwenye kukaa katikati ya bustani hupata nafuu, na mwenye nyumba iliyo mdomoni hupata moshi wa majirani zake pamoja na wake. Mahali pa kuweka midomo hiyo si suala la ramani tu, ni suala la haki.

BEI NA MALIPO YAKE

Kazi hiyo ya Dallas iligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 110. Kwa ekari 5.2, hiyo ni zaidi ya dola milioni 20 kwa kila ekari moja. Fedha zilitoka kwa mji, jimbo, serikali ya shirikisho, na matajiri waliochangia. Bustani ina jina la mtoto wa tajiri mmoja wa mabomba ya mafuta ambaye alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa. Ni mali ya mji, lakini huendeshwa na taasisi binafsi.

Baada ya kufunguliwa, bei ya viwanja na kodi za pango vilivyoizunguka vilipanda, na majengo marefu yakaota pande zote mbili. Wenye majengo hayo hawakumwaga zege wala hawakupanda mti. Thamani iliwajia kwa sababu umma na wachangiaji waliwajengea bustani mlangoni. Huo ndio utaratibu wa kibepari, na hakuna sheria ya huko iliyovunjwa. Lakini si mbali na hapo, upande wa kaskazini, palikuwa na mitaa iliyoanzishwa na watu weusi walioachwa huru utumwani. Yapo na makaburi yao. Barabara kuu nyingine, Central Expressway, ilipita juu ya sehemu ya makaburi hayo katika miaka ya 1940, na ilipokuja kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachimbuaji waliyafukua makaburi zaidi ya 1,100 na kuyazika upya. Wajukuu wa waliozikwa pale si wao wanaokaa leo katika majumba marefu yanayotazama bustani.

Dallas, basi, yathibitisha kwamba handaki laweza kufunikwa vizuri na watu wakafurahi. Jambo ambalo haikulijibu ni la wale waliokuwapo kwanza.

WATU WA RONDO

Mahali ambapo swali hilo linaulizwa waziwazi ni Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota. Barabara ya mtaa iitwayo Rondo ilikuwa moyo wa maisha ya watu weusi wa mji huo. Walikaa humo wapagazi wa treni za abiria, walimu, mafundi, wenye maduka na vinyozi. Yalikuwamo makanisa, vilabu na kituo cha jamii cha Hallie Q. Brown. Wengi walikuwa wamenunua nyumba zao kwa jasho, katika zama ambazo mtu mweusi alikuwa akikataliwa kuuziwa nyumba katika mitaa mingine.

Ilipopangwa barabara kuu namba 94 ya kuunganisha Saint Paul na Minneapolis, mpangaji mkuu wa mji, George Herrold, alipendekeza njia nyingine upande wa kaskazini, kandokando ya reli, ambayo isingevunja mitaa ya watu. Pendekezo lake lilikataliwa. Njia iliyochaguliwa ilipita Rondo.

Wakazi hawakukaa kimya. Mchungaji Floyd Massey wa Kanisa la Pilgrim Baptist na kinyozi Timothy Howard waliongoza chama cha wakazi kudai mambo kadhaa: fidia ya haki, msaada wa kuhamia, sheria ya kuwawezesha kununua nyumba mahali popote mjini bila ubaguzi, na kwamba kama barabara haina budi kupita, basi ichimbiwe chini badala ya kuinuliwa juu ya nguzo. Katika hayo, hili la mwisho ndilo walilolipata. La sheria ya makazi walilikosa. Hivyo mtu alibomolewa nyumba yake, akapewa malipo, kisha akafungiwa milango ya mitaa ambayo malipo hayo yangemwezesha kuhamia.

Mwaka 1956 Mchungaji George Davis, mzee wa makamo ya juu, alikataa kutoka nyumbani kwake. Polisi walikuja wakamtoa kwa nguvu na kuivunja nyumba, na mjukuu wake mdogo akishuhudia. Familia za watu weusi zipatazo 600 zilipoteza makao. Barabara ilikamilika mtaani hapo mwaka 1968.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu wa Rondo walitawanyika, lakini hawakusahau. Mwaka 1983 Marvin Anderson na Floyd Smaller, waliokulia mtaani humo, walianzisha sikukuu ya kila mwaka ya Rondo, ili waliotawanyika wakutane na watoto wao waonyeshwe mahali mlango wa babu ulipokuwa. Julai 2015, takriban miaka 60 tangu ubomoaji, Meya wa Saint Paul na Kamishna wa Uchukuzi wa jimbo waliomba radhi hadharani.

Radhi ilipokwisha kuombwa, wakazi walileta hesabu. Wanataka handaki lifunikwe kwa daraja la ardhi la urefu wa nusu maili hivi, yaani mita zipatazo 800, lenye ekari zipatazo 21. Yafaa ieleweke kwamba mpango huo unawezekana leo kwa sababu ya ule ushindi mdogo wa Massey na Howard. Kama barabara ingeinuliwa juu ya nguzo, pasingekuwa na handaki la kufunika.

Tofauti kubwa ya mpango wa Rondo na ule wa Dallas ni kwamba wakazi hawaombi majani peke yake. Wanadai nyumba, maduka, na mahali pa utamaduni wao, na wanadai kwamba ardhi mpya isije ikawa chambo cha wanunuzi wa viwanja. Silaha yao wanayo tayari. Tangu mwaka 1993 mtaani humo lipo shirika la amana ya ardhi, ambalo hununua ardhi na kuishika kwa niaba ya jamii. Familia hununua nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo, huishi humo na kuirithisha. Ikitaka kuuza, huuza kwa bei yenye mpaka, ili mwenye kipato kidogo anayefuata naye aweze kununua. Msikilizaji wa Tanzania hatastaajabu sana, kwa kuwa kwa sheria ya Tanzania ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Katika nchi ya Marekani, ambako kiwanja ni bidhaa kama bidhaa nyingine, jambo hilo dogo la mtaa mmoja ni hatua ya kupingana na mazoea ya nchi nzima.

KUFUNIKA AU KUFUKIA

Wapo wanaouliza kama ni busara kutumia mamilioni kuifunika barabara ambayo pengine haihitajiki tena. Mji wa Rochester, jimbo la New York, ulichagua njia nyingine. Barabara ya mzunguko iliyochimbiwa chini ilikuwa imelizunguka eneo la kati la mji kama handaki la ngome, na magari yanayoitumia upande wa mashariki yalikuwa machache kuliko ilivyokusudiwa. Kati ya mwaka 2014 na 2017 mji ulilifukia handaki la upande huo, ukajenga mtaa wa kawaida juu yake, na kupata ekari zipatazo sita za ardhi ya kujengea. Hapakuhitajika mashine za hewa wala boriti za kubeba miti, kwa kuwa ardhi ilirudi kuwa ardhi.

Kufunika, kwa hiyo, si jibu la kila mahali. Panapopita magari mengi yasiyo na njia nyingine, sakafu ya zege ina maana. Penye magari machache, kufukia ni nafuu na kunadumu zaidi. Lakini katika njia zote mbili swali linabaki lile lile la nani atakayekaa juu ya ardhi iliyopatikana.

Jambo la mwisho ni fedha. Novemba 2021 Marekani ilipitisha sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni moja kwa miaka mitano ili kuunganisha mitaa iliyokatwa na barabara, na mwaka 2022 zikaongezwa fedha nyingine katika mfuko wa pili. Kisha Julai 2025 sheria mpya ikazifuta fedha za mfuko huo wa pili ambazo zilikuwa bado hazijafungwa kwa mikataba. Miji iliyokuwa imeahidiwa ikabaki na michoro. Kubomoa nyumba kulipata asilimia 90 ya fedha mara moja, kwa sheria moja na bila kusita. Kuunganisha kulikobomolewa kunaombewa fungu kwa fungu, na fungu laweza kufutwa kabla zege halijamwagwa.

SOMO KWA MIJI INAYOKUA

Mambo haya ni ya Marekani, na mahandaki hayo ni yao. Lakini kila mji unaokua unajenga barabara. Dar es Salaam ilifungua barabara ya juu ya Mfugale mwaka 2018 na makutano ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na msongamano uliokuwa ukila saa za wafanyakazi ndio ulioleta haja hiyo. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga barabara. Linalotakiwa ni kwamba swali ambalo Rondo inaliuliza baada ya miaka 60 liulizwe kabla tingatinga halijawashwa: mwenye mguu atavukia wapi, anayehamishwa atahamia wapi, na thamani itakayozaliwa hapo itamfikia nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii, kama bei ya Dallas inavyoonyesha, ni wa dola milioni 20 kwa ekari.

Dar es Salaam yenyewe inayo kumbukumbu yake kuhusu uwanja na utengano. Mnazi Mmoja, penye Mnara wa Mwenge wa Uhuru, wakati wa ukoloni paliachwa wazi makusudi ili pawe mpaka kati ya Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya biashara ya upande wa bandarini. Palikuwa na nafasi, hewa na miti, na bado palikuwa ukuta. Pamekuwa mahali pa kukutania kwa sababu waliotengwa walipata madaraka ya kuamua juu ya ardhi yao, si kwa sababu nyasi zilibadilishwa.

Hilo ndilo wanalolidai watu wa Rondo. Zege laweza kuunganisha kingo mbili za handaki kwa miaka michache. Kumrudisha mjukuu wa Mchungaji Davis na wenzake mahali walipotolewa, wakiwa na hati mkononi na kiti katika baraza linaloamua, ni kazi ambayo hakuna mkandarasi awezaye kuifanya kwa niaba ya wananchi.